Siku moja na kopo la maharagwe: mimi ni kine, Bukavu

Saa 11 alfajiri niko macho. Chai, mkate, mwavuli, kisha moto, yaani pikipiki, hadi Nyawera. Watu wakisikia mimi ni kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, wanadhani kazi yangu ni kupaka mafuta na kukanda. Leo nifuateni mpaka jioni.

Saa 2 hadi saa 5: mgongo, goti, mtoto aliyevunjika mguu, mgongo tena.

Saa 5 na nusu napanda Kadutu kwa miguu, mvua imeharibu njia. Mama ninayemtembelea aliuza maharagwe sokoni hadi kiharusi kilipompooza upande wa kulia. Hii ni wiki ya saba. Kijana wake anampenda sana, lakini leo amenichosha kuliko kile kilima. Hata sijaketi: "Docta, hutamchoma sindano?" Kisha: "Basi umkande." Nikaanza zoezi, naye kasimama nyuma yangu: "Mama, nyoosha kiwiko! Fungua vidole! Kaza!" Kila neno lilizidi kuufunga ule mkono. Bega likapanda karibu na sikio, vidole vikajikunja kiganjani, jasho likamtoka mama wa watu. "Kaka, mwache kidogo." Akanyamaza dakika moja, akaanza tena. Mwishowe nikamtuma atuletee kopo ambalo mama alikuwa akipimia sokoni.

Nikaliweka mezani likiwa na maharagwe, sahani mbele yake. Sikutaja mkono wala kiwiko. "Mama, mteja amefika. Mjazie sahani."

Macho yakaenda kwenye sahani. Mkono ukasogea, ukasita, kidole gumba kikapapasa ukingo wa kopo, akalishika. Nusu ya maharagwe ikamwagika chini. Nusu ikaingia!

Akili ikiwa kwenye jambo linalotakiwa kutokea, mara nyingi mwili hujitafutia njia. Ikiwa kwenye msuli, mwili hukakamaa. Mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1998 kwa watu wazima wenye afya, na mwaka 2002 watafiti wengine wakaliona kwa waliopata kiharusi, wakinyoosha mkono kuchukua vitu. Si dawa ya kila mtu. Asiyeuhisi mkono wake, mimi humwambia kwanza autazame. Hapo ndipo kazi yetu ilipo, kuchagua neno la kumwambia nani, na lini.

Tulirudia mara 40, nilihesabu. Kijana alikuwa chini anaokota maharagwe, kimya.

Baada ya hapo sijui saa. Wagonjwa wawili Bagira, mvua tena, njaa, miguu inawaka. Nimefika nyumbani giza limeingia, bugali na sambaza, wale samaki wadogo, vimepoa, nikala nimesimama.

Simu ikalia. Ni ujumbe wa yule kijana: "Docta, kesho nimwambie mteja anataka makopo mangapi?"

Nikamwandikia: mawili, na apumzike katikati.