Nilivyojifunza kumlisha mpwa wangu kwa mpira

Mpwa wangu ana mtindio wa ubongo. Kumeza kulimshinda tangu uchanga: maziwa yalimpalia, yakaingia njia ya hewa, na nimonia haikumwacha. Alipotoka wodini na mpira wa pua, yaani mrija wa kulishia unaopita puani hadi tumboni, watu walifika Kayole, Nairobi, kumjulia hali dada yangu. Walileta sukari, unga na maombi. Lakini wa kubaki na mtoto hata saa moja hakupatikana, maana kila mtu aliuogopa ule mpira, na mimi nikiwemo.

Dada anauza mitumba soko la Gikomba. Belo hufunguliwa alfajiri, na ukichelewa kamera zote, yaani zile nguo bora, zimeshachaguliwa. Shemeji naye ni dereva wa lori, leo yuko, kesho hayuko. Nikaona sukari yangu haimfai dada kitu. Siku ya kliniki nikafuatana naye, nikamwambia muuguzi, "Sista, nifunze na mimi, kisha unisimamie nikifanya mwenyewe." Hapo kwa kusimamiwa ndipo penye kazi, kuonyeshwa tu hakutoshi.

Ukishanawa mikono, unaangalia alama kwenye mpira pale unapoingilia puani. Ikiwa imesogea, hulishi. Halafu unavuta majimaji ya tumboni kwa sirinji na kuyadondoshea karatasi ya kupima asidi. Tulifundishwa kwamba 5.5 kushuka chini, endelea. Ikizidi hapo, au majimaji yasipopatikana, simama, kwa sababu huenda mpira umeingia upande wa mapafu. Mtoto anaegemezwa kichwa kikiwa juu, na hakai chali mpaka nusu saa au zaidi ipite baada ya kula. Unachomoa kisukumio cha sirinji, unamimina maziwa, yanashuka yenyewe. Ukiinua sirinji yanakimbia, ukiishusha yanatulia. Akikohoa au akibadilika rangi, unakatiza papo hapo. Mkono wangu ulikuwa unakufa ganzi kabla maziwa hayajaisha, na nikajua kwa nini dada halali upande wa kulia. Mwisho ni maji kidogo ya kusafisha mpira usizibe. Dawa husagwa, hutiwa maji na kupitishwa peke yake, si ndani ya maziwa.

Mpira wa pua ni wa muda, na daktari alishauri mtoto awekewe wa tumboni. Ukweni wakaja juu: mtoto atobolewe tumbo? Shosho, yaani nyanya, aliwasikiliza wote, kisha akauliza, "Huyu akiung'oa wa pua usiku, nani kati yenu atakuja kuurudisha?" Mjadala ukaishia hapo.

Wa tumboni una raha yake. Uso uko wazi, plasta hazimchubui shavu, na kwenye matatu watu hawamkodolei macho. Pale kwenye tundu huoshwa kwa maji na sabuni na kukaushwa vizuri. Jambo moja tumelibandika ukutani: mpira ukichomoka, hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu tundu huanza kuziba ndani ya saa chache. Nauli ya dharura iko kwenye kopo juu ya kabati na haiguswi hata gesi ikiisha.

Si lazima kila mtu ashike sirinji. Jirani alikataa katakata, nami sikumlazimisha. Alichemsha maji, akaosha vifaa, akambeba mtoto dada apate kuoga bila haraka. Wanaokuja kuuliza "ataanza kula lini?" ndio siku hizi tunawapa kazi ya kufua.

Saluni yangu hufunguliwa saa nne, kwa hiyo Jumanne na Ijumaa nabisha hodi saa kumi na moja alfajiri. Dada anatoka, mimi nalisha mlo wa kwanza na wa pili. Wa saa saba mchana ndio ulikuwa ukinirudisha mbio nikiwa na mteja kwenye kiti. Juzi jirani ameniambia mwenyewe yuko tayari kujifunza, basi wiki hii analisha yeye, na mimi nimesimama nyuma yake.