Bado naogelea baharini: kutoka Nyali hadi Brighton

Watu wa nyumbani wakisikia kwamba naishi Brighton, kusini mwa Uingereza, na kwamba naingia baharini hata mwezi wa pili, huniuliza swali lile lile: unawezaje? Nitaeleza, lakini lazima nianzie Nyali, kwa sababu nusu ya jibu iko huko.

Kuogelea nilifundishwa na mjomba wangu, mvuvi, kwenye ufuo wa Nyali, Mombasa. Hakuanza na mikono wala miguu. Alianza na maji yenyewe. Kabla sijaweza kuelea vizuri nilikuwa nikijua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: bahari hujaa sana karibu saa kumi alasiri, na hupwa sana mnamo saa nne asubuhi hadi unatembea kwa miguu kuelekea mwambani, ule ukuta wa matumbawe ulio mbele ya ufuo. Katikati huja maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji karibu. Nilijua upepo wa kusi unavyorundika mwani ufuoni, na wa kaskazi unavyotuliza maji mpaka unaona vidole vyako vya miguu ukiwa umesimama ndani hadi kifuani.

Zaidi ya yote nilijua kukaa mbali na mlango, pale mwamba ulipokatika. Maji yaliyojaa ndani ya mwamba yanapokupwa hutokea hapo, na yakikukamata yanakupeleka bahari kuu. "Usipigane nayo, mjomba," alikuwa akiniambia. "Kata pembeni mpaka yakuachie." Ushauri huo ni sahihi kwa mkondo wa bahari yoyote ile.

Nilipohamia Brighton niliona ufuo usiofanana hata kidogo na wetu. Chini hakuna mchanga mweupe, ni mawe laini ya mviringo yanayoteleza kila unapokanyaga. Ardhi inashuka ghafla. Hakuna mwamba wa kuyavunja mawimbi, basi upepo wa kusini magharibi ukivuma, wimbi linakuja na nguvu zake zote na kuangukia mawe. Nikakaa pale tangu maji yamejaa hadi yakapwa, nikiangalia tu. Mwezi ni ule ule, ila saa si zile: bamvua ya Brighton hujaa karibu na adhuhuri, na bahari hupanda kiasi cha mita 6, ambapo Mombasa ni mita 3 na kitu. Ikipwa sana, chini ya yale mawe unatokeza mchanga. Niliufurahia mchanga ule kupita kiasi. Kusoma maji, basi, nilikuwa nimekwisha kufundishwa. Kilichobaki kigeni kilikuwa baridi.

Bahari ya Nyali huwa kati ya nyuzi 25 na 29 mwaka mzima. Ya Brighton hufika kama 18 mwezi wa nane, na mwezi wa pili au wa tatu hushuka hadi 7 au 8. Maji yakiwa chini ya nyuzi 15, hatari ya kwanza haitokani na mwili kuganda. Inatokana na pumzi. Ngozi ikipoa ghafla mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, halafu anahema haraka haraka, moyo nao unakwenda mbio. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, anavuta maji mapafuni. Hata muogeleaji hodari huzama hivyo. RNLI, shirika la hisani la waokoaji wa baharini lililoanzishwa 1824, hufundisha jambo moja rahisi: elea chali, masikio ndani ya maji, usijaribu kuogelea mpaka pumzi irudi. Kwa kawaida hurudi ndani ya dakika moja au mbili.

Kwa hiyo sikuanza wakati wa baridi. Nilianza mwishoni mwa kiangazi, bahari ikiwa na joto lake lote, kisha sikuacha. Maji yakawa yanapoa kidogo kidogo, na mwili ukipoa nayo. Ile pumzi ya mshtuko hupungua kadiri unavyorudia. Siruki kamwe. Naingia kwa miguu, nasimama hadi kiunoni, nalowesha shingo na uso, natoa pumzi polepole kwa mdomo, ndipo nalala majini. Siendi peke yangu. Kuna mama mmoja mtu mzima, ameogelea pale tangu utotoni, na tunaangaliana. Kiunoni nafunga boya la rangi ya machungwa ili nionekane. Wakati wa baridi sikai ndani zaidi ya dakika chache. Mvua kubwa ikiwa imenyesha siingii kabisa, kwa maana mitaro ikizidiwa maji machafu ya mji huishia baharini.

Yule mama ndiye aliyenionyesha kwamba kazi kubwa ni baada ya kutoka. Mwili unaendelea kupoa hata ukiwa nchi kavu. Unaweza kujiona mzima, halafu baada ya dakika kumi meno yanagongana. Vidole navyo havifungi kifungo. Naziweka nguo kwa mpangilio wa kuvaliwa, fulana juu kabisa, zote pana na zisizo na vifungo. Najikausha, navaa sehemu ya juu kwanza, kofia, kisha chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa. Kuoga maji ya moto nasubiri hadi mwili upate joto wenyewe.

Nikipanga safari ya nyumbani, naangalia mwezi kabla ya kuangalia nauli, ili nifikie bamvua niogelee alasiri ufuo umejaa, sambamba na nchi kuelekea Bamburi. Miaka hii nikiwa mle majini nauwazia mwamba sana. Mwaka 1998 joto la bahari lililoletwa na El Niño liliua matumbawe mengi pwani yote ya Afrika Mashariki, hata ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyotengwa 1986. Sehemu yake imeota tena, na bahari inazidi kupata joto. Bila mwamba ule, mawimbi ya kusi yangefika Nyali kama yanavyofika Brighton, na mtoto mdogo asingeweza kujifunzia kuogelea pale. Kwa hiyo sikanyagi matumbawe, maji yapwe namna gani, wala sinunui makombe ya baharini yanayouzwa ufuoni, na wapwa zangu nimewaeleza sababu.