Mbwa wa familia Mwanza: German Shepherd au Ridgeback?

Mdogo wangu amehamia nyumba yake Nyegezi, kule juu kwenye mawe, na sasa anataka mbwa. Mlinzi, ndiyo, lakini zaidi mbwa wa kukua na watoto. Amepata watoto wa mbwa wa aina mbili, German Shepherd na Rhodesian Ridgeback, na kwa kuwa mimi naishi Leipzig, Ujerumani, alitegemea nitampigia debe Mjerumani. Nimemwambia achukue Ridgeback.

Mjerumani ni mbwa wa maana, hilo sibishi. Tangu Max von Stephanitz, ofisa wa jeshi wa Ujerumani, aanze kumwandikisha rasmi mwaka 1899, amezalishwa kwa ajili ya kazi. Hapa nawaona jioni wakifundishwa kunusa, kutafuta, kukaa na kusubiri amri. Akili ile isipopewa kazi hujitafutia yenyewe, na ndani ya uzio wa Nyegezi kazi iliyopo ni kubwekea kila bodaboda inayopita. Manyoya yake ni ya tabaka mbili, yanapukutika mwaka mzima, na kupe anajificha humo mpaka umpapase kwa vidole. Halafu kuna nyonga. Uzao huu unasumbuliwa sana na nyonga zisizokaa sawasawa, ndiyo maana wafugaji makini wa hapa hupiga wazazi eksirei kabla ya kuwazalisha. Anayemuuzia mdogo wangu hana picha hizo, na nyumba yenyewe ni ngazi na mawe tangu getini hadi barazani.

Ridgeback ana asili ya Afrika. Ametokana na mbwa wa Wakhoikhoi, wafugaji wa asili wa kusini mwa Afrika, mbwa wenye mstari wa manyoya yaliyolala kinyume mgongoni, waliochanganywa na mbwa wa walowezi. Sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo, Zimbabwe ya leo, mwaka 1922. Wawindaji walimtumia kumzuia simba asiondoke mpaka wao wafike. Ana manyoya mafupi, kupe anaonekana kwa macho, na joto halimsumbui sana. Pia habweki ovyo. Shemeji akaniuliza, "Sasa kaka, mbwa asiyebweka wa nini?" Nikamjibu: huyo akibweka, amka uangalie.

Ana yake pia. Damu ya uwindaji haijamtoka. Pimbi wa kwenye mawe, mijusi yenye vifua vyekundu, kuku wa jirani: vyote atavikimbiza, na akishaanza kukimbiza, kuita hakusaidii. Ukimchapa anakununia na anaacha kukusikiliza. Afundishwe kwa upole, na vipande vya dagaa mfukoni.

Kabla ya kulipa, mdogo wangu amvute mtoto wa mbwa ngozi ya shingoni na mgongoni kwa vidole viwili, taratibu, kuanzia kisogoni hadi mkiani. Akisikia kitu kama uzi mgumu kinachoshikilia ngozi kwa ndani, amwache. Ni kasoro ya kuzaliwa inayowapata Ridgeback, kitundu chembamba kinachoingia ndani kuelekea uti wa mgongo, na kukitibu ni upasuaji.

Linaloniuma zaidi ni ile desturi yetu ya kumfungia mbwa bandani kutwa na kumfungulia usiku. Hapa Ujerumani kumfunga mbwa mnyororo kumepigwa marufuku tangu 2022, isipokuwa kwa nafasi chache sana. Mbwa anayekaa bandani mchana hawajui watoto wa nyumba, na watoto hawamjui; ajali za kung'atwa huanzia hapo. Hawa wawili, yeyote utakayemchukua, wakishakomaa wanahitaji kutembezwa na kukimbizwa kila siku. Saa kumi na mbili asubuhi, njia ya kwenda Luchelele, jua halijakolea. Ziwani wasiingie, kuna kichocho, na sehemu nyingine mamba.

Chakula hakinipi wasiwasi, dona na dagaa vipo. Mapanki ndiyo nimekataza: mifupa ile mikubwa ya sangara ikishapikwa inavunjika na kuchoma utumbo. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akifikisha miezi mitatu, irudiwe kila mwaka, na kadi itunzwe pamoja na za watoto.

Jumamosi wanakwenda wote kumwona huyo mtoto wa Ridgeback. Nimewaomba wakae chini kabisa, wasimnyanyue, waone kama atawasogelea mwenyewe. Na fundi aje mapema kuinua ukuta wa nyuma, maana Ridgeback aliyekomaa anaruka mita moja na nusu bila taabu, na nyuma ya ukuta ule ndiko waliko kuku wa jirani.