Jinsi tulivyoifanya fremu ya mwanangu ipite mchangani

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Miguu imekaza na magoti hujikunja. Fremu yake ya kutembelea ni ya kuvuta: chuma kiko nyuma yake, naye hushika vipini vya ubavuni. Ile ya kusukuma mbele ilimfanya ainame kama mzee anayetafuta sindano. Hii humnyoosha mgongo. Magurudumu ya nyuma yana kizuizi, hayarudi kinyumenyume, kwa hiyo hata akiegemea haimkimbii.

Kwenye sakafu ya saruji alikwenda vizuri. Lakini kwetu Micheweni njia ya skuli ni mchanga na mawe, na magurudumu ya mbele, madogo na membamba, yalizama.

Fundi baiskeli akafunga mapana ya mpira, yaliyotoka kwenye kigari kibovu cha mtoto. Ya nyuma hatukuyagusa, kwa sababu ya kile kizuizi. Sasa mbele kukainuka, basi tukafupisha miguu ya mbele kwenye matundu yake mpaka fremu ikalala sawa. Hapa usikisie: mtoto asimame wima, mikono ining'inie, kipini kiwe usawa wa kifundo cha mkono, ili akishika viwiko vikunjike kidogo tu. Kikiwa juu, mabega hupanda. Kikiwa chini, huinama tena.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliikagua, akaniambia nimpime upya kila anaporefuka. Skuli anafika kwa miguu yake. Mchanga mzito wa pwani bado haupitiki, huko tunambeba.