Jina Alilonipa

Jina alilonipa siku ile halikuwa lake. Nililiandika kwenye fomu kwa mwandiko mzuri, pamoja na jina la baba na la shule, na kwa siku 12 tukatafuta familia isiyokuwepo.

Alikuwa na miaka kama 9. Polisi walimkuta amelala stendi ya mabasi, wakamleta kwenye makao ya watoto nilikokuwa najitolea. Hata usingizi haujamtoka machoni nikamkalisha mezani: unaitwa nani, kwenu wapi, kwa nini umetoroka? Naumia mpaka leo nikikumbuka. Mtoto aliyekimbia kwao anakuona umetumwa na wale wale aliowakimbia, atakujibu lolote ili unyamaze.

Mama mlezi aliisoma fomu yangu, akaiweka kando. "Mwanangu, huyu hahojiwi. Kaa naye tu."

Nikakaa naye. Tulichora. Yeye alichora daraja, kila siku daraja lile lile, shule ng'ambo na nyumba huku. Jioni moja nikamuuliza kwao usiku husikika nini. "Treni," akasema bila kuinua kichwa. "Moja inapita tumelala. Nyingine baba akiwa anaamka." Afisa ustawi wa jamii alifuata reli na daraja, akaifikia nyumba.

Mama yake alipokuja hakuonyeshwa picha wala mtoto. Ndivyo inavyotakiwa, maana akiona kwanza, mtu yeyote anaweza kueleza anachokiona. Aliombwa amweleze mwanawe. Akataja kovu la goti, kisha akasema, "Hulala ameshika sikio." Nilikuwa nimepita pale kitandani usiku mwingi nikiliona sikio lile mkononi mwake. Nilitoka nje nikalia.

Nilidhani ataondoka siku hiyo hiyo. Mama mlezi akakataa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika jambo linalomhusu, na huyu alikuwa bado hajasema alichokikimbia. Alikisema siku ya tatu, ananong'ona: simu ya baba ilimponyoka pale darajani, ikazama. Mara ya mwisho alipoharibu kitu alipigwa hadi akashindwa kukaa.

Afisa akarudi kwao mara mbili kuzungumza na baba. Nilimchukia baba yule kabla sijamwona. Alipofika mwenyewe alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakujua aanzie wapi. Akasema simu haina neno, na kwamba hatainua mkono tena. Afisa akamwambia atakwenda kuhakikisha, tena bila taarifa. Kisha mtoto akaulizwa kama anataka kurudi. Alikaa kimya muda mrefu, akaitikia kwa kichwa.

Kabla hajaondoka aliniomba ile fomu. Akalikata lile jina, juu yake akaandika lake, herufi moja moja, ya mwisho ikavuka mstari.