Antena juu, simu ndani ya plastiki: mawasiliano kati ya Goma na Bukavu

Kwenye Ziwa Kivu, simu peke yake haitoshi. Karibu na bandari inashika vizuri, lakini ukiingia nyuma ya milima ya kisiwa cha Idjwi rezo (mtandao wa simu) inapungua mpaka inaisha. Tena simu inaita mtu mmoja tu. Redio ya VHF, ile ya kubonyeza kitufe na kuongea, inasikika kwa kila boti iliyo karibu na yenye redio wazi, na kwenye shida boti ya jirani ndiyo inayofika kwanza.

Watu huuliza redio ina wati ngapi. Waulize kwanza antena iko juu kiasi gani! Mawimbi ya VHF huenda karibu mstari mnyoofu, na mviringo wa dunia unayakata. Motorola mbili za mkononi (redio ndogo za VHF), kila moja mita 2 juu ya maji, zinasikilizana mpaka kama kilomita 11. Ukipandisha antena ya upande mmoja mita 9 kwenye mlingoti, unafika kama 18. Mlima ukiwa katikati, hesabu hiyo haifanyi kazi. Ziwa lenyewe lina karibu kilomita 90 kwa urefu, kwa hiyo ujumbe wa mbali upitishwe na boti iliyo katikati.

Kebo ya kutoka redio hadi antena nayo inakula nguvu. Kwenye mita 10, RG-58 nyembamba inapoteza kama theluthi moja, RG-213 nene kama moja ya tano. Ugonjwa mkubwa uko kwenye plagi ya antena: maji yanaingia, shaba inageuka kijani, na unabaki unasikia wenzako bila wao kukusikia. Ifunge kwa utepe wa mpira unaojishika, ukianzia chini kwenda juu, tabaka zilaliane kama mabati ya nyumba.

Redio ya wati 25 inavuta kama ampea 5 hadi 6 ukiongea. Ikizimika kila ukibonyeza kitufe, tazama waya kabla ya kulaumu redio: nyembamba na ndefu zinashusha volti. Vuta waya zake moja kwa moja toka batri, na fyuzi ya ampea 10 karibu na batri.

Chaneli ya wito ni 16, megahezi 156.8. Kabla ya kung'oa nanga, hakikisheni nani ataisikiliza, na saa zipi. Hatari ya kufa ikija: "Mayday" mara tatu, jina la boti mara tatu, mahali, shida, idadi ya watu. Kisha achia kitufe, sikiliza.

Upande wa Gisenyi na Kibuye simu inarukia rezo ya Rwanda na unite (salio) zinakwisha haraka. Chagua rezo kwa mkono. Kwenye hatari rudisha otomatiki, rezo yoyote ni nzuri. Simu inayotafuta rezo inamaliza batri, basi iweke hali ya ndege kati ya saa mlizopatana za kupeana habari. GPS haihitaji rezo: andika namba za mahali kwa SMS fupi, mara nyingi inapita pale sauti inapokatika.

Mwachie mtu wa nchi kavu jina la boti, idadi ya abiria na saa hizo. Akikosa habari mara mbili mfululizo, aijulishe bandari palepale.