Goti la Mama na swali la kaka

Jumapili usiku. Mvua haijakatika tangu mchana, umeme umeshazimika mara mbili, na viatu vyangu viko mlangoni na tope la Kibosho.

Wiki saba zilizopita nilimkuta Mama akishuka ngazi tatu za jikoni kiubavuubavu, kiganja ukutani, mguu wa kulia ukitangulia kila ngazi na wa kushoto ukiufuata. Hakujua kwamba namwona. Alipofika chini alisimama, akavuta pumzi, halafu akajitwika mzigo wa majani ya ng'ombe kana kwamba hakuna kilichotokea. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika kazi ya fiziotherapia, kutibu viungo kwa mazoezi na kwa mikono, hapa Moshi. Watu wanaoshuka ngazi namna ile nawaona kila siku, lakini siku ile nilikaa ndani ya gari dakika kadhaa kabla ya kumwita.

"Goti linauma tangu lini, Mama?"

"Tangu Krismasi ya mwaka juzi. Nikuambie wewe una wagonjwa wako, utafanya nini?"

Kumbe alishakwenda na jirani kwenye kliniki moja ya binafsi mjini. Alipigwa picha, akaambiwa goti limesagika na linatakiwa kusafishwa kwa kamera: wanatoboa matundu madogo, wanapitisha maji, wanakwangua gegedu (ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa) iliyolegea, jioni anarudi nyumbani. Akapewa na bei. Kaka yangu aliyeko Dar alikuwa ameanza kukusanya hela, na Mama mwenyewe alishampata mtu wa kumnunua ng'ombe.

Niliandika kwenye kundi la familia kwamba tusubiri kwanza. Kaka akajibu: "Wewe unataka Mama afanye mazoezi kwa sababu mazoezi ndiyo kazi yako."

Nilikasirika, nikaweka simu chini. Baadaye usiku nikaona kwamba ameuliza swali la haki. Muuza mbao hawezi kukushauri ununue kitanda cha chuma. Basi nikajiwekea sharti: nitasoma upya tafiti za goti, na safari hii nitatafuta mahali ambapo mimi ndiye ninayekosea.

Nikaanza na hilo la kusafisha. Mwaka 2002 zilitoka habari za jaribio lililofanyika Houston, Marekani. Watu 180 wenye magoti yaliyosagika walipangwa kwa kura katika makundi matatu. Wa kwanza waliondolewa gegedu iliyochakaa, wa pili walisafishwa kwa maji tu, na wa tatu walilazwa mezani kama wenzao, wakachanjwa ngozi, daktari akaigiza upasuaji wote, wakashonwa. Wote walikuwa wamekubali kwa maandishi kwamba huenda wakaangukia kundi hilo la tatu, ila hakuna aliyejua yuko wapi. Wakafuatiliwa miaka miwili. Katika muda huo wote hakukuwa na wakati ambapo waliosafishwa walisema wanaumia kidogo kuliko waliochanjwa ngozi.

Mwaka 2013 Wafini nao wakatoa matokeo ya jaribio la namna hiyo kwa watu 146 waliochanika meniska, ile mito ya gegedu katikati ya goti, kwa kuchakaa, bila ajali. Baada ya mwaka mmoja, waliokatwa kile kipande na walioigiziwa walikuwa sawasawa. Ndiyo maana mwaka 2017 jopo la wataalamu na wagonjwa lililoandika katika British Medical Journal lilipendekeza kwa mkazo kwamba upasuaji wa kamera usifanywe kwa karibu kila mwenye goti lililochakaa. Hapa sina shaka yoyote, na naumia kuona ng'ombe wa watu wakiuzwa kwa ajili ya kazi hii.

Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe inayochomwa ndani ya goti, ilinipa wasiwasi zaidi, kwa sababu naona kwa macho yangu jinsi inavyotuliza. Mgonjwa anachomwa Jumatatu, Alhamisi anakuja anacheka. Nikajiuliza kwa nini Mama nimnyime. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 156 katika hospitali za jeshi la Marekani: nusu walipewa sindano za steroidi za goti, nusu wakapewa fiziotherapia. Maumivu na ugumu wa kutumia goti vilipimwa kwa alama za kuanzia 0 hadi 240, ambapo kubwa ndiyo mbaya. Makundi yote mawili yalianza karibu na 108. Mwaka ulipokwisha, waliochomwa walikuwa kwenye 55.8 na waliopata fiziotherapia kwenye 37.0. Sindano ilisaidia, fiziotherapia ilisaidia zaidi na ikadumu. Lingine la mwaka 2017 liliwachoma watu 140 kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, baadhi steroidi, baadhi maji ya chumvi. Mwishoni maumivu hayakutofautiana, ila gegedu za waliopata steroidi zilipungua unene zaidi, milimita 0.21 dhidi ya 0.10. Sindano moja ya kumvusha mtu wakati mgumu siikatai. Ile ya kila miezi mitatu nimeacha kuinyamazia.

Halafu nikafika kwenye utafiti ambao ningependa kuuruka. Mwaka 2015, Denmark, watu 100 ambao tayari walikuwa wa kubadilishiwa goti. Nusu walibadilishiwa, kisha wakapewa mazoezi, elimu, ushauri wa chakula, soli za viatu na dawa. Nusu walipata hayo yote bila upasuaji. Baada ya mwaka waliobadilishiwa goti walikuwa wamepanda alama 32.5 kwenye kipimo cha 0 hadi 100, ambapo kubwa ndiyo nzuri, wengine 16. Ni karibu mara mbili, wala si tofauti ya kuipuuza. Mtu akiwa na goti lililofika mwisho, goti la bandia linamsaidia kuliko mimi ninavyoweza kumsaidia. Niliisoma sentensi hiyo ya moyoni mwangu mara mbili, kisha nikamtumia kaka takwimu zile kama zilivyo. Nikamtumia na upande wa pili pia: madhara makubwa yalikuwa 24 kwa waliopasuliwa na 6 kwa wenzao, na kati ya wale 50 wa bila upasuaji, ni 13 tu walioamua kupasuliwa ndani ya mwaka ule.

Jambo linalonisumbua ni kwamba watu wote hawa ni wa mbali. Hakuna kati yao aliyepanda kilima cha Kibosho wakati wa masika na mkungu wa ndizi kichwani. Majaribio yanaweza kufanyika kwetu, na yamefanyika: Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliwapanga kwa kura wagonjwa zaidi ya 200 waliovunjika mguu chini ya goti, ngozi ikachanika hadi kwenye mfupa. Baadhi wakawekewa chuma ndani ya mfupa, baadhi vyuma vya nje, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Kwa vifo na kurudi tena chumba cha upasuaji hakukuonekana tofauti ya kutegemewa baada ya mwaka. Kila nikiona kijana wa bodaboda analetwa na mguu wa namna ile nakumbuka kwamba jibu lake lilitafutwa hapahapa nchini, kwa vijana kama yeye. Natamani siku moja tuwe na jaribio kama hilo la magoti ya mama zetu.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza Mama haya yote tukimenya ndizi za mtori. Alinisikiliza bila kuinua macho. Nilipofika kwa wale wa Houston aliacha kisu.

"Hao waliochanjwa bure, na wenzao waliosafishwa, wote sawa?"

"Wote sawa, Mama."

Akamenya ndizi mbili nyingine kimya. "Basi ng'ombe abaki. Lakini na wewe usiniambie mazoezi ni dawa. Kutembea si natembea kila siku?"

Hapo ndipo kazi yangu ilipo ngumu, kuliko kusoma tafiti. Mtu aliyelima maisha yake yote ukimwambia afanye mazoezi anaona umemtukana. Ilibidi nimwonyeshe. Nilimkalisha kwenye kiti cha jikoni, mikono imekunjwa kifuani, nikamwomba asimame bila kujishika. Alishindwa mara ya kwanza. Ya pili alisimama akitetemeka paja, akalishika paja lile na kulitazama kama la mtu mwingine. "Kumbe limeisha hivi?" Tangu siku hiyo hakubishana tena. Tulianza na mara tano, kisha kuinua mguu akiwa ameketi, kilo moja ya mchele imefungwa kwa kanga kwenye kifundo. Nilimwambia maumivu yanayotulia kufikia kesho yake asubuhi yasimtishe, yanayozidi hapo apunguze. Majani ya ng'ombe siku hizi yanabebwa kwa toroli.

Nikamuuliza pia swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: anataka nini. Nilidhani atasema asilale na maumivu. Akasema anataka kupiga magoti kanisani. Tangu mwaka juzi anakaa wakati wengine wamepiga magoti, na anaona aibu mbele za Mungu. Kile kipimo cha alama 240 kinauliza kuhusu ngazi, soksi, kuingia kwenye gari. Kupiga magoti hakimo. Na wengi waliobadilishiwa goti wanaona taabu kupiga magoti hata maumivu yakiisha, jambo ambalo lingebadilisha kabisa hesabu ya Mama, na hakuna aliyemwambia pale mjini. Hata mimi nisingemwambia kama asingesema.

Leo nilikwenda naye Misa. Wakati wa mageuzo alitoa kanga kwenye mkoba, akaikunja mara nne, akaiweka sakafuni. Alishika benchi la mbele, akashusha goti la kushoto peke yake, la kulia akaliacha limekunjwa nusu pembeni. Alikaa hivyo kitambo. Kuinuka alijinyanyua mwenyewe; nilikuwa nimeshanyoosha mkono nikaurudisha.

Jioni kaka alipiga simu. Mama ndiye aliyepokea: "Leo nimesimama kwenye kiti mara kumi na mbili. Wiki iliyopita ilikuwa kumi." Baadaye akaomba kuzungumza nami.

"Na ikishindikana, dada?"

Nikamwambia tulivyopanga: maumivu yakianza kumwamsha usiku, au akishindwa kufika bandani kwa ng'ombe, tunakwenda kwa daktari wa upasuaji wa mifupa kuulizia goti la bandia, na nitamsindikiza mimi mwenyewe.

Alinyamaza kidogo. "Zile hela sijazigusa," akasema.

Nikamwambia azitunze.